Maktaba Haina Shangazi

Sekei, Arusha
11 Machi 1996

Naisula binti yangu,

Desturi inanitaka nianze kwa kusema kwamba mimi sijambo na wasiwasi wangu wote ni juu yako. Nusu yake ni kweli. Sijambo. Wasiwasi nilio nao utausoma huko chini.

Nyumbani wote wazima. Mama yako amepata yule ng'ombe wa maziwa aliyekuwa akimwota tangu mwaka juzi, na sasa kila mgeni lazima apelekwe bandani kumsalimia kabla hajapewa chai. Baba yako naye mzima. Tangu aanze kununua kahawa kwa niaba ya hizi kampuni binafsi amejinunulia na koti, analivaa hata juani. Mvua imechelewa. Mlima umejifunika tangu Jumatano lakini hautoi kitu, kama tajiri siku ya harambee. Bibi yako ameuliza kama huko Dar es Salaam watu wanakula loshoro, mahindi yetu ya maziwa mgando. Nimemwambia hawali. Akasema ndiyo maana wanaongea sana.

Sasa jambo lenyewe. Wanataka kuua Muziki.

Bodi ya shule yetu inakutana Julai, na Mwenyekiti ameleta pendekezo kwamba somo la Muziki lifutwe kidato cha kwanza na cha pili, chumba changu kiwe chumba cha kompyuta, na mimi nipangiwe kufundisha Uraia. Kompyuta zenyewe hazijafika. Ziko melini, anasema Mwenyekiti, tangu Krismasi. Nadhani ni meli ya Nuhu.

Hoja zake ni mbili. Ya kwanza, hizi ni zama za soko huria, mzazi akilipa ada anataka mtoto atoke na kitu cha kuuza. Hiyo nimeizoea, siku hizi hata mahubiri yana bei. Ya pili ndiyo iliyoninyima usingizi: eti Muziki hauhitaji kufundishwa huku kwetu, kwa sababu sisi Walutheri wa Meru tunazaliwa tukiimba. "Nitajieni mtoto mmoja hapa," alisema kikaoni, "asiyejua kuimba sauti nne!" Wajumbe wakacheka na kupiga makofi. Ndivyo tulivyo. Mtu akisema upuuzi kwa sauti nzuri ya besi, tunampigia makofi.

Nikasimama nikasema kwamba Muziki humsaidia mtoto katika Hisabati, na watafiti wamethibitisha. Mwenyekiti akatabasamu. "Watafiti gani, Mwalimu Tabea? Tutajie." Naisula, mimi ninayesoma hadi magazeti yaliyofungia nyama, sikuwa na jina hata moja. Nilikaa chini. Miaka ishirini na mbili ya kufundisha na sikumbuki kama niliwahi kukaa chini kabla sijamaliza.

Kwa hiyo ninakutuma. Najua unasoma Biashara, na najua ni nani aliyekuchagulia, lakini uko penye maktaba ya chuo kikuu, na mlango wake ni ule ule kwa wote. Nitafutie makala za utafiti kuhusu elimu ya muziki zinazothibitisha kwamba mtoto anayejifunza muziki hufaulu Hisabati. Sitaki gazeti wala vijitabu vya wamisionari. Nataka makala zenye tanbihi chini ya ukurasa, zitakazomlazimisha Mwenyekiti avae miwani.

Mwenyekiti ni mtu mmoja mwenye shingo nene na masikio membamba. Jina lake halina haja.

Shangazi yako, hadi Julai mwalimu wa Muziki,
Tabea Sumari

*

Dar es Salaam
2 Aprili 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imefika baada ya wiki mbili, imelowa pembeni, lakini maneno yote yamesalimika. Maneno yako hayalowi. Mimi nina afya. Joto la huku halina adabu, linaingia chumbani kabla ya mwenye chumba. Tuko wasichana wanne penye vitanda viwili na tunaelewana, isipokuwa Magdalena wa Singida, anayekariri mihadhara kwa sauti akiwa usingizini. Msalimie bibi. Mwambie loshoro nimeikosa kweli kweli.

Nimekwenda maktaba siku ile ile. Shangazi, nimejiaibisha. Nilikwenda moja kwa moja kwenye visanduku vya kadi nikatafuta kwaya. Nikapata kitabu kimoja cha nyimbo na kimoja cha historia ya misheni. Nikarudi kwa mkutubi wa dawati la maulizo, mama mmoja mwenye miwani ya kamba anayeitwa Bi Agnela, nikamwambia maktaba haina kitu kuhusu muziki.

"Umetafuta nini?"

"Kwaya."

Akavua miwani akanitazama. "Unatoka Kaskazini wewe."

"Arusha. Umejuaje?"

"Na mimi natoka Marangu, usinieleze. Sisi mtu akitutajia muziki tunaona majoho. Haya njoo. Unachotafuta kiko kwenye elimu, siyo kwenye kwaya. Chumvi imo ndani ya mboga, dada, usiitafute kwenye kabati la chumvi."

Basi akanifundisha. Vitabu ni vya jana, alisema, utafiti uko kwenye majarida, na majarida hayamo kwenye zile kadi. Kuna faharasa, mabuku manene yanayokutajia makala zilizochapwa kila mwaka kwa mada. Na kuna kompyuta moja yenye kisahani cha CD kilichobeba faharasa hizo. Unaandika jina lako, unasubiri zamu, unapewa nusu saa. Kosa langu la kwanza lilikuwa kuandika muziki peke yake. Kompyuta ikaniletea maelfu, pamoja na ng'ombe wanaopigiwa muziki wakati wa kukamuliwa (usimwambie mama). Bi Agnela akanionyesha kuunganisha: muziki, na elimu, na Hisabati, vyote pamoja. Maelfu yakawa makumi. Kisha usome muhtasari kwanza, usikimbilie makala nzima. Ukipata makala nzuri, nenda mwisho wake uone mwandishi alisoma nani, umfuate huyo, kama anayefuata nyayo za mbuzi hadi zizini. Na uhakikishe jarida ni lile ambalo makala husomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapwa.

Mwisho akauliza natafuta nini hasa. Nikamsomea maneno yako. Akasema, "Shangazi yako hatafuti makala. Anatafuta shahidi wa kukodi." Nisamehe, nimeandika kama alivyosema.

Makala mbili ziko hapa rafuni. Nyingine Bi Agnela ameziagiza kutoka maktaba ya nje kwa utaratibu wa kuazimana, na hiyo inaweza kuchukua wiki kadhaa. Mihtasari nimeisoma yote. Ni mizuri. Nitakueleza zaidi nikipata makala zenyewe.

Pasaka njema. Baba naye ameniandikia, kumbe anaandika barua ndefu.

Mwanao,
Naisula

*

Sekei
15 Aprili 1996

Naisula,

Marahaba. Pasaka imepita salama. Tuliimba vizuri, isipokuwa sauti ya tatu, ambayo tangu Mzee Elinaza ahamie Olasiti haina mchungaji. Ng'ombe wa mama yako ana mimba na ametangazwa karibu kama harusi. Mvua imefika, njia ya kushuka Themi ni uji mtupu.

Mwambie Bi Agnela yafuatayo. Moja, shahidi wa kukodi ni yule anayelipwa, nami sina cha kumlipa mtu. Mbili, ninyi mnaokaa karibu na vitabu mna anasa ya kutafuta ukweli polepole. Mimi nina kikao Julai. Mtu anayezama hachagui kamba kwa rangi. Tatu, mwambie asante. Hilo la nyayo za mbuzi nimelitumia darasani.

Sasa wewe. "Ni mizuri." Umesoma mihtasari yote, na mtoto wa Sumari, ukoo ambao mtu akiombwa chumvi anatoa hotuba, anasema "ni mizuri" na kuweka nukta? Mihtasari inasema nini?

Huku adui anazidi kujizatiti. Juzi Mwenyekiti amepita dirishani kwangu wakati kidato cha pili wanasoma nota, akasimama, akasikiliza, akaondoka akipima upana wa chumba kwa hatua. Nilimwona. Anahesabu meza za kompyuta zake.

Lete makala.

Shangazi yako

*

Dar es Salaam
28 Mei 1996

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo na ng'ombe hajambo. Najua nimechelewa. Kulikuwa na mitihani ya majaribio, halafu nikapata malaria kidogo, halafu Magdalena akapata malaria kubwa. Hizo ni sababu za kweli. Kulikuwa na nyingine.

Bahasha hii anakuletea Hans, yule wa vipuri vya magari, anarudi Arusha kutoka Kariakoo kesho. Nimemwapisha. Ndani kuna makala tatu kamili, fotokopi, na tafsiri yangu ya Kiswahili pale lugha ilipokuwa ya kujivuna.

Sasa nakuambia mihtasari ilisema nini. Haikusema ulichotaka, Shangazi.

Makala ya kwanza inasema wanafunzi waliojifunza muziki walipata alama za juu katika Hisabati. Nilipoiona niliruka. Lakini kwenye kurasa za mwisho mwandishi mwenyewe anaonya kwamba watoto hao walitoka nyumba zenye vitabu na wazazi wenye nafasi. Huenda wangefaulu hata kama wangefundishwa kushona. Makala ya pili ilijaribu tena kwa watoto wa hali moja. Haikuona tofauti ya kutosha. Nimetafuta nyingine wiki nzima ili niipinge hiyo. Kila niliyoipata ina "huenda" na "labda" na "utafiti zaidi unahitajika". Bi Agnela anasema hayo ndiyo maneno ya watu wakweli.

Ningeweza kukukatia kurasa za mwanzo za ile ya kwanza nikutumie hizo tu. Nilifikiria. Niliweka hata mkasi mezani.

Ya tatu sikuitafuta, ilikuja yenyewe kwenye nyayo. Inahusu watu wanaoimba kwa sikio, katika jamii zenye kwaya nyingi. Mwandishi anasema mtu anaweza kuimba vizuri miaka thelathini na bado asiweze kuimba wimbo asiowahi kuusikia. Sikio linakwenda lilikozoea. Sijui kama itakufaa.

Usinikasirikie sana. Au kasirika, lakini andika.

Naisula

*

Sekei
10 Juni 1996

Naisula,

Sijambo. Wote hawajambo. Ng'ombe hajambo. Salamu zimekwisha.

Nilipomaliza kusoma bahasha yako niliitupa juu ya kabati. Nikapika, nikala, nikaiteremsha. Nikaisoma tena. Nikaitupa tena. Siku ya tatu nikaketi na kujiuliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza Machi: kwa nini nilikimbilia Hisabati? Kuna mtu aliyewahi kumwambia mwalimu wa Hisabati athibitishe kwamba somo lake linasaidia watu kuimba? Mimi mwenyewe nilimpa Mwenyekiti fimbo, nikamwinamia, halafu nikakutuma maktabani ukanitafutie mto wa kuwekea makalio! Ukisema Muziki ubaki kwa sababu unasaidia Hisabati, umekwisha kukubali kwamba Hisabati ni bwana na Muziki ni mtumishi. Basi mtumishi akionekana hafagii vizuri, unamfukuza. Nimebishana maisha yangu yote na sijawahi kubishana kijinga namna hii.

Hilo ni moja, nami ningelimaliza kwa kukushukuru. Lakini kuna la pili.

Jana baada ya ibada tulikula kwa bibi yako, wote. Baba yako akawa anazungumza na Mchungaji kuhusu elimu, akajifuta mdomo, akasema: "Utafiti unaonyesha kwamba kwa watoto wa hali moja, muziki hauleti tofauti ya kutosha." Kijiko kiliniponyoka.

"Kaka, umesoma wapi hayo?"

"Nasoma, Tabea. Unadhani wewe peke yako una macho?"

"Nauliza wapi."

"Kwenye jarida la kitaalamu. Limepitiwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapwa."

Bibi yako akasema, "Huyu anaongea kama redio," tukaendelea kula. Lakini mimi sikula. Arusha nzima hakuna mtu mwenye makala ile isipokuwa mimi. Na hiyo "hali moja", "tofauti ya kutosha", ni Kiswahili chako. Naujua mwandiko wako hata ukitoka mdomoni mwa mtu mwingine.

Amezipata wapi?

Tabea

*

Dar es Salaam
24 Juni 1996

Shangazi,

Shikamoo, na naomba usome ukiwa umekaa.

Nilimtumia mimi. Alipoandika kabla ya Pasaka aliniomba nimtafutie makala zinazothibitisha kwamba Muziki si somo la lazima. Akasema kuna mwalimu mmoja msumbufu shuleni ambaye lazima anyamazishwe kwa ushahidi. Akasema jina lake halina haja. Mwisho akaandika, "Usimwambie shangazi yako, atashtuka bure."

Na wewe ukaniambia juu ya mtu mmoja mwenye shingo nene. Shangazi, shingo hiyo ninaijua. Nilibebwa juu yake kwenda hospitali ya misheni nilipovunjika mkono. Mlidhani kwamba nikiwa mbali sitajua ni nani mwenyekiti wa bodi ya shule niliyosoma?

Kila mmoja wenu alitaka nimpe silaha ya kumpigia ndugu yake, na kila mmoja akanificha ni nani anayepigwa. Nililia kidogo. Halafu nikacheka sana, hadi Magdalena akaamka. Kisha nikapiga fotokopi mara mbili. Makala zile zile tatu, kurasa zote, tafsiri ile ile, wewe bahasha moja na yeye bahasha moja, kwa Hans huyo huyo. Naye pia nilimwambia kwamba sikupata alichotaka. Hakuna makala iliyosema Muziki hauna kazi. Yeye amechagua aya inayompendeza. Wewe una aya inayofuata, isemayo kwamba walichopima ni Hisabati tu, si thamani ya Muziki wenyewe.

Ukisema nimekusaliti sitabisha nawe, kwa sababu hakuna anayebishana nawe akashinda. Lakini maktaba haina shangazi wala baba. Mliniuliza jambo moja na nimewapa jibu moja.

Sijui kama utaniandikia tena. Nimetaka tu kusema kwamba ninayo bado ile karatasi ya nota uliyonisahihishia kidato cha kwanza.

Naisula

*

Sekei
20 Julai 1996

Naisula binti yangu,

Hujambo? Huku baridi ya Julai imekaa hadi saa nne asubuhi, mlima unaonekana mweupe juu, na ndama amezaliwa. Dume. Mama yako amevunjika moyo, bibi yako ameshangilia. Nimekaa kimya karibu mwezi. Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira. Wiki ya pili nilikuwa nadai bado nina hasira. Baada ya hapo nilikuwa kazini, maana niliigundua ile makala ya tatu, ile uliyosema hujui kama itanifaa.

Sikiliza kilichotokea kikaoni Jumamosi iliyopita.

Unajua huku kikao hakifunguliwi bila wimbo na sala. Hata kikao cha kununua chaki. Kwa kawaida Mwenyekiti anaanzisha kwa besi na wote wanamfuata, na ni kweli, ni vizuri, ukipita nje utadhani malaika wamepata uenyekiti. Safari hii nikaomba, kama mwakilishi wa walimu, nichague wimbo mimi. Wakakubali, nani atakataa wimbo? Nikagawa karatasi. Maneno ya zaburi wanayoijua, lakini sauti nne mpya kabisa, nilizozitunga mwenyewe juma lile, kwa nota za do-re-mi. Nikapiga uma wangu wa sauti kwenye kiti, nikawapa do.

"Tusimame, tuimbe."

Walisimama. Wakatazama karatasi. Mchungaji akakohoa. Hedwiga, yule mkunga wa Themi, akageuza karatasi yake akaangalia nyuma, labda wimbo ulikuwa upande ule.

"Mwalimu," akasema Mwenyekiti, "huu tunaujua?"

"Bado. Ndiyo maana nimeuandika."

"Basi tuanzishie."

"Mwenyekiti, ulisema hapa hakuna asiyejua kuimba sauti nne. Sauti nne ni hizo mkononi mwako."

Kimya, Naisula. Kimya cha Walutheri kumi waliosimama na wimbo mkononi! Sijawahi kusikia kitu kitamu kama hicho.

Ndipo nikafungua mlango nikawaita wanafunzi wanane wa kidato cha pili. Nakuapia hawakuwa wameuona. Nikawapa karatasi, nikawapa do, nikawaacha watazame kidogo. Wakaimba. Mstari wa tatu sauti ya pili wakapotea, Namnyaki, mmoja wao, akainua mkono akawarudisha, wakaanza mstari upya, wakafika mwisho. Mchungaji akasema amina kabla ya sala.

Baba yako si mjinga, ningekuwa na aibu kama angekuwa mjinga. Akavaa miwani, akatoa bahasha, akasoma ile aya yake.

"Soma na inayofuata, Mwenyekiti."

Akanitazama. Nikatoa bahasha yangu. Zinafanana hadi doa la wino. Wajumbe wakatazama bahasha moja, wakatazama nyingine. Hedwiga akasema, "Ninyi mna mtoto mmoja huko chuoni, siyo?" Chumba kizima kikacheka, na baba yako, nampa haki yake, alicheka pia. Akasoma inayofuata. Akasoma na makala ya tatu, yote, kwa sauti. Alipofika pale panaposema sikio linakwenda lilikozoea, alipasoma mara mbili.

Tukapiga kura. Zikalingana. Kwa kanuni za bodi, zikilingana anaamua Mwenyekiti. Akavua miwani, akaifuta kwa lile koti, akasema, "Muziki ubaki. Kompyuta zikifika zitakaa stoo."

Ningeimba. Lakini akaendelea! Akasema shule mpya za kulipia zinafunguliwa kila mtaa, zote zina Kiingereza na zote zitakuwa na kompyuta, lakini hakuna yenye watoto wanaosoma nota. Kwa hiyo Muziki utakuwa kivutio kwa wazazi. Kivutio! Kama simba wa Serengeti! Nimepigania heshima ya somo langu tangu Machi, nikaliondoa utumwani kwa Hisabati, halafu kaka yangu analipeleka sokoni na kulifunga bei shingoni. Nimeshinda kwa hoja ya mchuuzi. Nimeanza kuandika waraka wa kupinga uamuzi huo. Niko ukurasa wa nne.

Karatasi yako ya kidato cha kwanza ilikuwa na makosa mawili ya mapigo. Itunze.

Shangazi yako, mwalimu wa Muziki,
Tabea

*

Dar es Salaam
5 Agosti 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na hongera kwa ndama.

Unaandika waraka wa kupinga uamuzi wa kubakiza Muziki? Nimemsomea Bi Agnela, amecheka hadi miwani imedondoka. Anasema niombe ruhusa yako: anataka nakala ya wimbo ule, na makala ya tatu ameiandikia kadi akaiweka kwenye vile visanduku, ili mwingine asihangaike kama mimi.

Shangazi, umeshinda. Pokea ushindi ulivyo. Mtu anaweza kufanya jambo jema akatoa sababu ambayo haimdhalilishi mbele ya wenzake. Baba ananiandikia bado, lakini juu ya kikao hajasema neno lolote, na wewe unajua mtu wa ukoo wetu akinyamaza ana nini.

Nami nimeomba kuhama Biashara kwenda Elimu. Usimwambie baba. Nitamwambia mwenyewe, Krismasi, mbele ya ng'ombe.

Naisula

*

Sekei
16 Septemba 1996

Naisula,

Marahaba. Hatujambo sote, migomba imebeba, na bibi yako anakusubiri Krismasi na chungu kizima. La Elimu nimelisikia na nimelimeza. Sitalitoa.

Mpe Bi Agnela wimbo, umo humu. Mwambie mashahidi wa kukodi hawapatikani siku hizi, wamekuwa ghali.

Waraka ulifika ukurasa wa sita, kisha hili likatokea. Alhamisi, kipindi cha tatu, mlango wangu ukafunguliwa, akaingia Mwenyekiti na koti lake. Akatangaza mbele ya kidato cha pili kwamba bodi imemtuma kukagua matumizi ya chumba. Bodi haijakutana tangu Julai. Nilijua, naye alijua kwamba najua. Nikamwonyesha dawati la nyuma. Magoti hayakuingia chini, akakaa upande. Nikampa karatasi kama kila mtu.

Tukaanza. Nilikuwa nimewapa kitu kipya. Katikati nikasikia besi ya darasa imenenepa. Sikugeuka. Mstari wa pili besi ile ikashuka kule nyimbo zetu zote zinakoshuka, pale pa mazoea, wakati nota zilikuwa zinapanda. Ikakatika. Nikaendelea kuhesabu mkono hewani, nikiwa nimewapa mgongo. Wakarudia mstari. Ikajaribu tena, polepole, kama mtu anayepita daraja la gogo, na safari hii ikapanda.

Kengele ikalia. Watoto wakatoka. Akakunja karatasi akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akasema, "Chumba kinatumika vizuri."

Naisula, nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Ilikuwa na utangulizi. Ilikuwa na soko huria, na kivutio, na shingo. Wewe unanijua.

Nikamwambia, "Alhamisi ijayo, kipindi ni hicho hicho."

Shangazi yako,
Tabea